USIMLAUMU MAMA WA GENGE, ITAZAME KALENDA!

Bustani ya uwani jijini Dar, mwezi hadi mwezi, kwa mwenye ndoo tano na mshahara unaoishia tarehe 15

Mpenzi msomaji, kuna ugomvi mmoja hausikiki redioni wala bungeni, lakini unapiganwa kila jioni katika magenge yote ya jiji hili. Ni ugomvi wa fungu la mchicha. Leo fungu limenona kama shada la bibi harusi. Wiki mbili baadaye fungu lile lile, kwa bei ile ile, limekonda utadhani limetoka kuumwa malaria. Ukihoji, mama wa genge anakubenulia mdomo: "Kaka'angu, kama hutaki acha. Bondeni kumejaa maji."

Na mama wa watu hasemi uongo. Mboga nyingi za majani tunazokula Dar zinalimwa humu humu jijini na pembezoni mwake, mabondeni na kando ya mito. Mvua kubwa ikishuka, matuta yanazama. Jua la Januari likiwaka, matuta yanakauka. Mara zote mbili wanaolipa ni wewe na mimi.

Ninachotaka kukwambia leo ni kimoja tu. Mboga za Dar zina ratiba yake, na ukiijua ratiba hiyo unaweza kuvuna uwani kwako siku zile zile ambazo genge limekauka. Huhitaji shamba Kibaha wala kisima. Unahitaji ndoo chache, mfuko wa samadi na kalenda ya ukutani.

Tatizo letu watu wa mjini ni kwamba tumebaki na akili ya shamba. Mvua ya kwanza ya Machi ikidondoka, kila mtu anakumbuka jembe. Kwa mahindi na mpunga hiyo ni sawa kabisa. Lakini kwa mchicha, nyanya na saladi za uwani, katikati ya masika ndio wakati mbaya kuliko wote wa kuanza. Wakati mtamu ni pale mvua zinapokwisha, kuanzia mwisho wa Mei, baridi ya kipupwe ikianza kukufanya utafute shuka la pili usiku. Wakati huo wengi wamesharudisha jembe stoo. Wewe ndo utoe lako.

KWA NINI UJISUMBUE?

Sababu ya kwanza ni mfuko. Mimi naishi Tabata, chumba na sebule, na uwani tunachangia familia tatu. Nina ndoo 14, madiaba matatu yaliyopasuka na matairi mawili ya gari. Sijawa tajiri na wala sitakuwa, lakini kuanzia tarehe 15 hadi mshahara utoke, upande wa mboga nyumbani kwangu hakuna kikao cha dharura. Kijiweni washikaji wananiita Bwana Shamba. Poa tu! Mbona Jumapili ndo hao hao wanaopita "kusalimia" wakiwa na mfuko wa rambo?

Sababu ya pili ni afya, na hapa naomba tuache utani. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliopima madini mazito, kama risasi, katika mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Mito hiyo inapita katikati ya makazi na viwanda, na kila anayepita darajani anajua inabeba nini. Madini mazito hayatoki kwa kuchemsha. Sisemi kila fungu la sokoni ni sumu, la hasha! Wapo wakulima wengi wanaomwagilia maji safi. Nasema tu kwamba mboga iliyomwagiliwa na mkono wako, unaijua ukoo wake.

Na wala si mambo mapya haya. Madingi zetu walisikia "Siasa ni Kilimo" mwaka 1972 na "Kilimo cha Kufa na Kupona" miaka michache baadaye. Zilipoingia shida za mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni na sukari vikawa vya foleni, wakazi wengi wa Dar walilima na kufuga majumbani ili mshahara ufike mwisho wa mwezi, wakiwemo watu wa maofisini. Sisi watoto wao ndo tukajifanya wa mjini sana.

VYOMBO VYA KAZI

Ndoo ya lita 20 ndio kipimo changu. Ile iliyokatika mkono au iliyopasuka mdomo inafaa sana. Itoboe matundu matano au sita chini kwa msumari wa moto, maji yasituame. Ndoo moja inabeba mche mmoja wa nyanya, au mmoja wa biringanya, au miwili ya bamia. Mchicha, saladi na giligilani havitaki kina kirefu, vinataka upana, kwa hiyo vipe diaba au tairi.

Udongo wa sehemu nyingi za Dar ni mchanga mtupu, maji yanapita kama kwenye chujio. Changanya ndoo mbili za udongo na ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza. Iliyooza, narudia! Samadi mbichi inaunguza mizizi, na ya kuku ndo usiseme. Ukipata ya kuku, ilundike pembeni, ilowanishe, ifunike na uigeuze mara kwa mara kwa muda wa miezi miwili mitatu. Ikiacha kutoa joto na harufu, hiyo sasa ni chakula cha mimea.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yamwage bustanini bila wasiwasi. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga yaache yaende zake.

Baada ya hapo, tufungue kalenda. Yangu haianzi Januari, inaanza Juni.

JUNI: HAPPY NEW YEAR YA BUSTANI

Masika yamekwisha, upepo wa kusi unavuma, jua limepunguza ukali. Huu ndio mwezi wa kupanda karibu kila kitu.

Mwaga mchicha kwenye madiaba. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu kiganja kimoja ndipo umwage, la sivyo zote zitaangukia sehemu moja. Funika kwa udongo mwembamba sana. Baada ya wiki tatu hadi nne unang'oa na kula. Hapa kuna siri moja ambayo wengi wanaipuuza: usimwage diaba zote siku moja. Diaba la kwanza leo, la pili baada ya siku kumi, la tatu baada ya siku kumi nyingine. Likiisha la tatu, la kwanza umeshalipanda tena. Ukipanda yote kwa pamoja utakula mchicha asubuhi, mchana na jioni kwa wiki moja, halafu mwezi mzima unarudi kumnunia mama wa genge.

Nyanya ulizosia Mei (tutafika huko) zihamishie kwenye ndoo jioni, jua likizama. Mpe kila mche kijiti cha kuegemea tangu siku hiyo hiyo, usingoje uanguke. Sia pia pilipili hoho, pilipili mbuzi na biringanya kama hukuwahi Mei.

JULAI: WAKATI WA MBOGA ZA KIZUNGU

Usiku joto la Dar linashuka hadi nyuzi 19 hivi, na kwetu hiyo ni baridi ya kuvaa koti. Mboga zinazopenda ubaridi huu ndio wakati wake: saladi, giligilani, karoti, spinachi, chainizi. Ukipanda saladi au giligilani Januari, inakimbilia kutoa maua kabla hujaila na majani yanakuwa machungu. Julai inatulia. Karoti ipande moja kwa moja kwenye ndoo yenye kina, haipendi kuhamishwa. Ikiota, punguza miche iachane kama vidole viwili, maana karoti zilizobanana hutoka nyembamba kama mkia wa panya.

Nyanya zako sasa zina vichipukizi kwenye kwapa za majani. Vinyofoe kwa vidole ili nguvu iende kwenye matunda. Kabichi? Achana nayo, ndugu yangu. Ile ni ya Lushoto na Njombe, kwenye baridi ya kweli. Hapa Dar utafuga majani mapana na viwavi.

AGOSTI: MACHO KWENYE MAJANI

Huu ni mwezi wa kula na kulinda. Mvua ni chache, bustani imejaa, na wadudu nao wamepata habari. Geuza majani uangalie chini yake kila asubuhi wakati chai inachemka. Vidukari na inzi weupe hujificha huko.

Dawa yangu ya kwanza ni maji ya mwarobaini. Twanga majani mabichi ya kujaza kopo la lita moja, loweka kwenye maji lita tano usiku kucha, chuja kwa kitambaa, weka kipande kidogo cha sabuni ya mche iyeyuke, nyunyiza jioni. Rudia kila baada ya siku saba. Uchungu wake unakaa kwenye jani, kwa hiyo ngoja siku tatu nne na uoshe vizuri kabla ya kupika, la sivyo bibie atakuuliza umempikia mlenda au quinine.

Kwenye nyanya yupo mgeni mbaya zaidi, kantangaze. Huyu ni kiwavi mdogo aliyeingia Tanzania mwaka 2014 na amewaliza wakulima wakubwa. Anachora njia nyeupe ndani ya jani, kisha anatoboa tunda. Ukiona jani lenye michoro hiyo, likate, lifunge kwenye mfuko, litupe mbali. Kwa mwenye ndoo tano, mkono wako ni dawa nzuri kuliko ya dukani.

SEPTEMBA: KULA, LAKINI FIKIRIA MBELE

Nyanya zinaiva, bamia zinavunwa kila baada ya siku mbili (ukichelewa zinakuwa kamba), na watu wanadhani mambo yatakuwa hivi milele. Hayatakuwa. Kaskazi inakuja na joto lake. Acha mashina matatu ya mchicha ulionona yatoe maua na kukauka, kisha pukuta mbegu kwenye gazeti (hili hili ukishalisoma) na uzihifadhi kwenye chupa kavu. Kwa mchicha, hutanunua mbegu tena. Nyanya chotara usijaribu hivyo, watoto wake hawamfanani mama.

OKTOBA NA NOVEMBA: VULI, RAFIKI WA MASHAKA

Mvua za vuli huja, au huchelewa, au hupita kando zikikuangalia. Zikija vizuri, pata mchicha mwingine, majani ya kunde, tango na maboga. Tango liko tayari kwa siku 50 hivi, na majani ya maboga unakula hata kabla boga lenyewe halijaja.

Zikigoma, ni noma. Mnakumbuka Novemba 2021? Mto Ruvu, unaolisha mabomba ya Dar, ulipungua mpaka jiji likapewa maji kwa mgao. Oktoba 2022 hadithi ikajirudia. Bustani nyingi za uwani zilikufa miezi hiyo. Zilizopona ni zile zilizokuwa zimetandazwa. Weka juu ya udongo wa kila ndoo majani makavu, nyasi au pumba za mpunga, unene wa vidole vitatu. Jua linapiga matandazo, udongo chini unabaki na unyevu. Mwagilia alfajiri au jioni tu, tena kwenye shina, si kuoga mmea mzima. Ndoo yenye matandazo inaweza kuvumilia siku ambayo ya jirani imeshanyauka.

Novemba ndio mwezi wa kufanya jambo moja ambalo litakuokoa Januari: panda matembele. Omba vipande vya shina kwa jirani, urefu wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, lalisha nusu chini ya udongo, mwagilia. Hayana gharama, hayana mbegu, hayana majivuno.

DESEMBA: NANI ATAMWAGILIA?

Sikukuu zinakuja, mabasi yanajaa, watu wanaenda Moshi, Bukoba na Songea. Bustani haina likizo. Ukisafiri wiki mbili, sogeza ndoo zote pamoja mahali penye kivuli cha mchana, zitandaze, na kila moja ichomekee chupa ya maji ya lita moja na nusu kichwa chini, kizibo kikiwa kimetobolewa kwa sindano. Itadondosha polepole siku mbili tatu, si zaidi. Kwa hiyo bado unahitaji mtoto wa jirani wa kujaza chupa. Mwachie ruhusa ya kuchuma, atafanya kazi kwa moyo.

Na Desemba usiiamini. Ile mvua ya Desemba 2011 iliyoleta mafuriko, ikaua watu na kuwahamisha wengi wa mabondeni, ilishuka siku chache kabla ya Krismasi. Ndoo zako zisikae kwenye mkondo wa maji.

JANUARI NA FEBRUARI: HAPA NDIPO PESA ILIPO

Msomaji wangu, kama utasahau yote, kumbuka miezi hii miwili. Ada za shule, kodi ya nyumba, madeni ya sikukuu, vyote vinagonga hodi pamoja. Joto la mchana linafika nyuzi 32 na kupita. Mchicha unakuwa mwembamba na mchungu, saladi haitaki hata kuota, nyanya zinadondosha maua kabla hazijashika tunda. Kwenye genge, mboga za majani zinaanza kuwa na majina ya heshima.

Sasa tazama uwani kwa aliyejipanga. Matembele ya Novemba yametambaa mpaka kwenye kamba ya kufulia. Unachuma vichwa vyake leo, wiki ijayo vimerudi. Bamia inapenda joto hilo hilo linalokutoa jasho. Kunde, nyanya chungu, biringanya na pilipili nazo hazina habari. Hawa ndio wazawa wa joto. Watu wanakosa mboga Januari kwa sababu wanang'ang'ania mboga za Julai.

Mimi Januari nasimamisha miti minne na kuezeka makuti mawili juu ya madiaba, kivuli cha chenga chenga tu, jua lipite kidogo. Chini yake mchicha unakubali, ingawa si kwa fujo za Juni. Mwagilia asubuhi na jioni, zote mbili, bila kuruka. Ndoo moja ya maji ya lita 20 inatosha bustani yangu yote kwa mkupuo mmoja.

MACHI: KUNYANYUA

Huu ni mwezi wa maandalizi, si wa kupanda. Mawingu yanajikusanya, na wewe kusanya matofali. Kila ndoo na diaba liwekwe juu ya matofali mawili ili matundu ya chini yapumue. Safisha yale matundu kwa kijiti, maana yakiziba, Aprili mimea yako itaoza mizizi ikiwa imesimama. Tega dumu au jaba chini ya bati upate maji ya mvua, lakini lifunike. Nitakwambia kwa nini.

APRILI: MWEZI WA SUBIRA

Dar hupata mvua ya milimita 1,100 hivi kwa mwaka, na karibu robo yake huanguka Aprili peke yake. Ukimwaga mbegu za mchicha kwenye mvua hiyo, asubuhi utazikuta mlangoni kwa mwenye nyumba. Nyanya za wakati huu hupata bakajani. Majani yanapata madoa ya kahawia, baada ya wiki mmea mzima umeungua kama umepigwa pasi.

Basi Aprili tupande vikubwa. Chomeka mti wa kisamvu kwenye kona (na kisamvu kitwangwe na kuchemshwa sana, ile sumu yake ya asili ikimbie). Panda mpapai kama una kipande cha ardhi, utakula tunda mwaka unaofuata au hata kabla. Chomeka mchaichai, utakunywa chai ya harufu mpaka uchoke. Matembele yanaendelea kukulisha wakati bondeni kumejaa maji, na hapa ndipo unapopita mbele ya genge ukipiga mluzi.

Sasa lile la kufunika maji. Mbu anayebeba homa ya dengue anang'ata mchana na anapenda kuzalia kwenye maji masafi yaliyotuama: kwenye dumu lililo wazi, kwenye sahani chini ya chungu, ndani ya tairi. Dar imepata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019. Matairi yangu mawili nimeyajaza udongo mpaka kwenye mdomo na kuyatoboa chini, hakuna pembe ya kubaki maji. Kila Jumamosi ya Aprili na Mei nazunguka uwani na kumwaga kila kilichotuama, kiwe changu au cha jirani. Bustani inayomlaza mtoto wa jirani kwa homa haina faida hata ikitoa nyanya za dhahabu.

MEI: KITALU

Mvua zinapungua, ingawa si kwa mkataba. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja mpaka Mafia, na pwani nzima ilipata upepo na mvua. Kwa hiyo usihamishie kitu nje bado, anza na kitalu barazani. Trei ya mayai, vikopo vya mtindi, chochote chenye tundu chini. Sia nyanya, biringanya, hoho. Baada ya wiki tatu hadi nne, miche ikiwa na urefu wa kalamu, umeshaingia Juni, na mwaka mpya unaanza.

KAMA UNA NDOO TANO TU

Najua kuna mtu anasema, "Bwana Shamba, mimi nina korido tu." Haya, chukua hii. Ndoo ya kwanza matembele, mwaka mzima. Ya pili pilipili mbuzi, mche mmoja utakulisha zaidi ya mwaka. Ya tatu nyanya kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha bamia Novemba hadi Machi. Ya nne na ya tano mchicha wa kupokezana, siku kumi tofauti, ukipumzisha Aprili. Kinachotakiwa ni jua la saa tano au sita kwa siku. Korido isiyopata jua kabisa, panda urafiki na jirani mwenye ua.

Na kwa nini ndoo badala ya matuta? Kwa sababu sisi wengi ni wapangaji. Mwenye nyumba wangu wa zamani alinipa notisi ya mwezi mmoja katikati ya Agosti, nyanya ndo kwanza zinageuka rangi. Jirani yangu aliyekuwa na matuta mazuri ya spinachi, naye akapewa notisi hiyo hiyo, aliondoka na mwiko na godoro. Mimi nilikodi guta. Juu yake palikuwa na kitanda, jiko la mkaa na ndoo 11 zenye miche iliyofungwa kamba isivunjike. Njia nzima watoto walikuwa wanashangilia. Tulipofika Tabata, chakula cha kwanza kupikwa katika nyumba mpya kilikuwa na nyanya za nyumba ya zamani. Mpangaji hana ardhi, lakini udongo wake anaweza kuhama nao.

Basi ndugu yangu, popote kalenda yako ilipofunguka leo, anzia hapo hapo. Kama ni kipupwe, mwaga mchicha jioni hii. Kama ni joto, tafuta vipande vya matembele kwa jirani. Kama mvua zinamwagika, kaa ndani utoboe ndoo. Na ukipita gengeni, msalimie mama wa watu kwa adabu, mnunulie vitunguu na nazi. Hivyo kwangu bado havioti!

Tukijaliwa tuonane wiki ijayo. Kazi kwako.